Mashine ya Kushoto

Fundi alisikiliza muziki kwa vidole. Aliweka vidole viwili juu ya ubao wa spika, kama daktari anayetafuta mshipa wa damu, akatazama ukuta, na hapo hata ungemsemesha asingekujibu. Wateja wapya walidhani ni kiziwi. Baadaye alikuja kuwa kiziwi kweli, lakini wakati ninaousema mimi masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alipoulizwa kwa nini vidole, alisema sikio lina upendeleo, kidole hakina.

Nilimchukia miaka sita. Naliweka hilo mbele kwa sababu nimeona watu wakisimulia habari za wazee waliowajua, wanawaogesha kwanza, wanawavalisha nguo safi, ndipo wanawatoa nje. Mimi nitamtoa alivyokuwa.

Duka lake lilikuwa River Road, juu ya duka la vitambaa, kwenye ngazi nyembamba ambayo mkikutana katikati mmoja wenu lazima arudi. Chumba kimoja, dirisha moja, harufu ya risasi ya kuunganishia waya. Alitengeneza redio, amplifaya na spika, na kando ya hiyo kazi alinakili kanda za muziki. Kwenye rafu kulikuwa na mashine mbili za kurekodi, kila moja na milango miwili ya kaseti, zilizofanana kama mapacha. Ya kulia ilikuwa ya kazi. Ya kushoto ilikuwa yake.

Alikuwa mtu wa Pwani, kofia kichwani kila siku, kanzu siku ya Ijumaa. Adhana ikisikika alizima kila kitu, akafunika spika kwa shuka nyeupe, akashuka kwenda msikitini. Akirudi aliikunja shuka vizuri, pembe kwa pembe, kisha akawasha magitaa ya Wazungu wanne wenye nywele hadi kiunoni, wanaopiga kama watu wanaobomoa nyumba huku wenyewe wakiwa ndani. Jina la bendi silitaji. Sisi tuliwaita Wale Wanne, na kwa miaka ile hakuna mtu wa duka lile aliyehitaji kuuliza ni wanne gani.

Watu walimshangaa, mzee wa heshima zake. Aliwajibu kwa habari za kazi. "Taarab inaweza kupita kwenye spika iliyopasuka na usijue," alisema. "Hawa wakipita, ufa unalia." Alianza na santuri moja aliyoiacha mteja, akaitumia kujaribia spika, na kufikia siku niliyomjua alikuwa na albamu zao zote saba. Maneno ya nyimbo hakuyataka. Siku moja kaka yangu alianza kumweleza wimbo fulani unasema nini, akamkata. "Usinifasirie. Nikijua wanasema nini itabidi nikubali au nikatae. Sasa hivi mimi na wao tuko salama."

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, mimi kumi na sita, kidato cha tatu. Tulikaa Mutuini kwenye kishamba cha mama, ng'ombe wawili na mistari ya sukuma wiki. Yeye alikuwa amemaliza shule, akapata kazi ya kutunza bustani na kuosha magari Muthangari, kwa familia moja ya Kihindi. Alikuwa na gitaa alilolinunua likiwa na nyuzi nne, akatafuta mbili zilizobaki kwa muda mrefu kuliko watu wengine wanavyotafuta mke. Mama hakumwamini mjini. Alimwambia akitaka kwenda River Road aende na dada yake. Ndivyo nilivyoingia kwa Fundi, kama askari wa kumlinda kaka yangu, na sare yangu ya shule.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, baada ya sala ya adhuhuri, kulikuwa na kikao. Watu saba, siku nyingine kumi, wamekaa juu ya spika mbovu na makreti ya soda. Suala lilikuwa moja tu: albamu ipi ya Wale Wanne ndiyo bora. Usicheke. Nimeona watu wazima wakisusiana mwezi mzima kwa suala hilo. Albamu ya kwanza ilitolewa mashindanoni mapema kwa sababu inasikika kama imerekodiwa ndani ya ndoo. Kuanzia ya tano walinyoa nywele na wakaanza kuimba vizuri, kwa hivyo nazo zikatoka. Ya tatu ilikuwa na mtetezi mmoja, akahamia Nakuru. Zikabaki ya Pili na ya Nne.

Sheria zilikuwa za Fundi. Ukitaka kutetea ya Nne, kwanza uitetee ya Pili dakika moja nzima, kwa saa yake ya mkononi, na kwa nia njema. Ukileta mzaha anakurudisha mwanzo. Na neno "naipenda" lilikuwa marufuku. "Mapenzi mpelekee mkeo," alisema. "Hapa lete sababu." Baadaye watu walipiga kura kwa vikaratasi, na albamu iliyoshinda ndiyo iliyowekwa upande A wa kanda zote atakazouza mwezi unaofuata, iliyoshindwa upande B. Ukizunguka magharibi mwa jiji lote hili, kuanzia Kawangware mpaka Dagoretti, ungeweza kujua kaseti ya mtu ni ya mwezi gani kwa kutazama upande.

Mimi nilisema mwisho kila mara. "Binti atamalizia," Fundi aliamua siku ya kwanza, "asije mtu akasema amemwiga." Nilidhani ananidharau. Nilichukua miezi mitatu kugundua kwamba anayesema mwisho ndiye anayeachwa masikioni watu wakiandika kura, na kwamba mzee alijua hivyo, na kwamba mimi nilikuwa wa ya Pili na yeye alikuwa wa ya Nne. Sijui mtu kama huyo utamwita nini.

Mkubwa wa upande wetu alikuwa Karani, Mhindi wa ofisi ya bima, tai shingoni na kalamu tatu mfukoni hata Jumamosi. Mkubwa wa ya Nne, baada ya Fundi mwenyewe, alikuwa kaka yangu.

"Hiyo ya Nne ni lori imekwama kwa matope," Karani alisema siku moja. "Injini inalia, lakini haiendi popote."

"Haijakwama. Imebeba," kaka akamjibu. "Wewe hujawahi beba kitu, Karani, ndio maana hujui."

Watu wakacheka. Karani akatazama mikono yake. "Nimebeba mama mkwe wangu miaka kumi na moja," akasema, "na tulikuwa tunaenda."

Hapo hata Fundi alitabasamu, upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeficha jino. Zamu yangu ilipofika nikasema ya Nne inanifanya nijihisi niko mazishini na sijui aliyekufa ni nani.

"Hiyo ni sababu au ni lalamiko?" Fundi akauliza.

"Ni sababu."

"Haya. Andikeni."

Tulipokuwa tunashuka ngazi kaka alinisukuma begani. "Dadangu mwenyewe ananiuza mchana peupe," akasema. Alifurahi. Alipenda kupingwa kuliko kukubaliwa, na sijawahi kukutana na mwanamume mwingine wa hivyo, na nimewatafuta.

Kila kikao Fundi alikirekodi, kwa mashine ya kushoto, kwa sababu ya kulia ilikuwa na kazi za wateja. Kikao kilichofuata alianza kwa kutuchezea kilichopita, awakamate waliobadilisha maneno. Kaseti hizo alizipanga kwenye sanduku la viatu.

Kwa mashine alikuwa na subira isiyoisha. Nilimwona akikaa siku tatu na redio ya mama mmoja wa Gikomba iliyoungua mpaka ndani, redio ambayo mtu mwingine angeitupa. Kwa binadamu hakuwa na subira ya sekunde tatu. Na hakujua kusema pole. Sisemi hakupenda, nasema neno lenyewe halikuwamo mdomoni mwake. Siku moja alimkanyaga Karani mguu kwa kisigino cha kiatu, Karani akaumia kweli, ukucha ukatoka. Fundi hakusema kitu. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Karani, akaomba pasi yao iliyoharibika, akaitengeneza, akairudisha. Karani hakuwa amemwambia mtu kwamba wana pasi mbovu. Mpaka leo hatujui alijuaje.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Familia ile ya Muthangari ilikuwa na kijana anayesoma ng'ambo. Akaja likizo na CD ya albamu ya Nne, halisi, ya dukani. Akamwona kaka bustanini na fulana yenye picha ya Wale Wanne, akamwita ndani, akamwekea. Kaka alirudi Mutuini jioni hiyo. Hakula. Alichukua gitaa akakaa kwenye kigoda nje ya jiko.

"Njoo usikie," akaniambia. "Nikitaka kufuatana na ya Nne kwenye kanda ya Fundi, ninalegeza nyuzi zote. Unaona? Nilidhani huo ndio uzito wao. Leo nimesikia CD. Nyuzi hazilegezwi. Na inakimbia. Si lori, ni pikipiki."

"Basi CD ni mbovu."

"CD haina mkanda wa kulegea. Ni Fundi."

Akanieleza, na nitawaeleza vilevile. Fundi hakunakili kutoka kwa santuri kila mara. Kila albamu aliirekodi mara moja kwenye kaseti aliyoiita kanda mama, na kaseti zote za wateja zilizaliwa hapo. Kanda mama zote alizirekodi kwa mashine ya kulia, isipokuwa ya Nne, kwa sababu, Fundi mwenyewe alishatusimulia, wiki ile ya kulia ilikuwa imefunguliwa mezani. Na mota ya kushoto inakimbia kuliko inavyotakiwa. Ukirekodi kwenye mashine inayokimbia, halafu ukacheza kwenye mashine ya kawaida, kila kitu kinatoka polepole na kizito. Ule uzito tuliokuwa tunaupigania mwaka mzima haukuwa wa Wale Wanne. Ulikuwa wa mota.

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitasema."

"Wewe ndiye wa ya Nne. Nyamaza, unashinda."

"Nitashinda nini?" akasema, akaanza kukaza nyuzi upya, moja moja.

Jumamosi ya kikao aliitetea ya Pili dakika yake moja, na dakika ilipoisha akaendelea. Fundi akagonga saa.

"Dakika imekwisha. Rudi kwako."

"Sirudi, Fundi. Nimehama. Mashine ya kushoto inakudanganya."

Chini muuza vitambaa alikuwa anapima kitu kwa sauti, yadi moja, yadi mbili.

"Sema tena."

"Mashine ya kushoto inakudanganya, na wewe unatudanganya sisi bila kujua. Weka kanda mama ya Nne hapo kushoto, dakika moja tu. Itatoka vile ilivyoingia. Utasikia ikikimbia."

"Inarekodi," Fundi akasema. Ni kweli, ilikuwa inarekodi kikao.

"Isimamishe."

"Mashine yangu haisimamishwi na mtunza maua."

Hakuna aliyecheka. Karani alitazama sakafu. Kaka yangu alisimama, akajipangusa suruali kwa viganja. "Hata mtunza maua ana masikio," akasema, taratibu tu.

"Toka. Usirudi hapa mpaka umefuta hayo maneno."

Akatoka. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikamwambia mzee yule kwamba ni mwoga. Alikuwa ameweka vidole viwili juu ya spika, na hakuna kilichokuwa kinacheza.

Siku kumi na tisa baadaye kaka yangu alishikwa na homa. Shingo ikakaza, mwanga ukamuumiza macho. Siku nne. Siku ya pili bado alikuwa na akili zake, nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake hospitalini, akanigeukia akauliza, "Fundi ameiweka kushoto?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nikamwambia, "Sijui na sijali." Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ameiweka, ikakimbia, anakusalimia. Baada ya hapo hakusema tena kitu chenye maana, kwa hivyo hayo ndiyo aliyoondoka nayo, sijui na sijali, kutoka kwangu.

Nilikwenda mwenyewe River Road kumpa Fundi habari. Sikuingia, nilisimama mlangoni. Nikamwambia mazishi ni Alhamisi, Mutuini, ukishuka uliza, kila mtu anajua. Alisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, akainama tena kwenye kazi yake. Alhamisi Karani alikuja na tai yake, tope limemfika magotini. Wengine wa kikao walikuja. Mmoja alibeba gitaa la kaka mpaka kaburini akalirudisha nyumbani. Fundi hakuja.

Sasa mnajua chuki yangu ilikozaliwa.

Ikapita miaka sita. Kanda zilikufa, CD nazo zikaanza kufa, watu wakatia muziki kwenye simu. Nilimaliza shule, nikapata kazi kwenye duka la fotokopi pale Adams Arcade, nikapata mtoto wa kike. Baba yake hana nafasi humu, kama asivyokuwa na nafasi kwingine. Mara mojamoja kijana alipita na simu inacheza ya Nne, ile ya haraka, ile ya kweli, na nilihisi kama nimemwona mtu barabarani amevaa koti la kaka yangu. Nilikuwa nageuza uso mpaka apite.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo sikumwambia mtu. Nilikumbuka maneno yake yote. Naweza kuyaandika hapa mistari mia. Lakini sauti yenyewe ilikuwa imeondoka. Nilijaribu nikiwa naosha nguo, nikiwa nanyonyesha, nilijiambia sema "dadangu mwenyewe ananiuza," na maneno yalikuja bila mtu ndani yake.

Siku moja Karani akaja kufotokopi karatasi zake za pensheni. Amezeeka, kalamu bado tatu.

"Fundi anakuuliza," akasema. "Anafunga duka."

"Mwambie nilikufa."

"Nilimwambia utasema hivyo. Akasema nikuambie ni kuhusu ile mashine ya kushoto."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, mtoto nimemshika mkono. Sikwenda kusamehe. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, nayapanga kwa heshima ya umri wake lakini yamfike. Ngazi ni ileile. Chumba kilikuwa kitupu. Rafu zimeng'olewa, ukutani kumebaki alama nyeupe za zilipokuwa. Kulikuwa na meza, kiti, mashine moja iliyofunguliwa mfuniko, na Fundi, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikasalimia mara mbili. Akaelekeza sikio la kushoto.

"Shikamoo," nikarudia kwa nguvu. "Ni dada yake."

Hakuuliza dada ya nani. "Marahaba. Alisema kweli," akasema, kabla hata sijakaa. "Nilijua siku ileile. Mlipoondoka niliiweka kanda mama kushoto. Ikakimbia."

Miaka sita nilisubiri maneno hayo, na yakatoka kama mtu anayekutajia aina ya betri. Nikamuuliza, kwa kupiga kelele kwa sababu hakusikia vinginevyo, kwa nini basi hakumtafuta amwambie.

"Alisema mbele ya watu. Mimi nami nilitaka kukubali mbele ya watu. Nikangoja kikao. Zilikuwa zimebaki siku chache."

"Na mazishi?"

"Alhamisi ile nilikuwa hapa. Nimefunga mlango. Niliifungua mashine, nikaitengeneza mota mpaka ikawa sawasawa kama alivyosema. Mimi sijui kufika kwa watu, binti. Nilifanya ninachojua."

Nikakumbuka pasi ya Karani. Hasira yangu haikuondoka, msinielewe vibaya. Ilikosa tu mahali pa kukaa.

"Basi umeitengeneza. Vizuri," nikasema.

"Si vizuri. Nilipomaliza nikataka kumsikia. Nikaweka kaseti ya kikao kile. Akatoka mtu mwingine."

Akanitazama kama nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Vikao vyote vilirekodiwa kwenye mashine ile ikiwa inakimbia. Ni hiyo peke yake, ikiwa mbovu vilevile, iliyoweza kuwatoa watu wale kama walivyoingia. Alipoiponya, sauti zote za sanduku lile la viatu zikaharibika mara moja, na yeye ndiye aliyeziharibu, kwa mkono wake, kwa nia njema.

"Nikaurudisha ubovu," akasema. "Miaka sita naurudisha. Nageuza skrubu, nasikiliza, nageuza tena. Lakini masikio yalianza kunitoka mwaka uleule. Kidole kinajua spika. Hakijui sauti ya mtu." Akagusa sikio lake la kulia, lile lililokufa. "Nimemwita Karani akanisaidia. Yeye kila ninapogeuza anasema ndiyo, ni yeye. Ana huruma sana yule. Wewe huna huruma. Nahitaji sikio lenye upendeleo."

Akachukua bisibisi ndogo kama sindano. Akabonyeza.

"Mashine ya kushoto inakudanganya," alisema mwanamume mzito, wa miaka hamsini hivi, mwenye tumbo na watoto wakubwa.

"Siye," nikasema.

Fundi alikuwa anatazama mdomo wangu. Akageuza. Akarudisha nyuma, akabonyeza. Mashine ya kushoto inakudanganya. Sasa alikuwa wa miaka arobaini. Nilimwona, nawaambia, nilimwona kabisa, amesimama kwenye kishamba cha mama na koti la mvua, na kwa muda nilitaka kumwambia Fundi aache hapohapo, aniachie huyo.

"Sasa?"

"Bado."

Akageuza. Thelathini. Akageuza. Akapitiliza, ikawa sauti ya mvulana kabla haijavunjika, yule aliyenipandisha ng'ombe nikaanguka.

"Umepita. Rudi."

"Mama, huyo ni nani?" mtoto wangu akauliza. Alikuwa anachungulia nyuma ya mashine.

"Mjomba wako."

"Aliingiaje?"

Fundi hakusikia. Alirudi kidogo, kidogo, mkono hautetemeki hata chembe, mkono wa miaka ishirini kwenye mwili wa mzee. Mashine ya kushoto inakudanganya. Mashine ya kushoto inakudanganya. Kati ya mvulana na yule wa thelathini kulikuwa na mahali pembamba kama unywele, na hapo ndani kulikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa anayejipangusa suruali kwa viganja. Nilifumba macho. Nilitafuta moyoni kitu cha kulinganisha naye, na moyoni hakukuwa na kitu, nilishawaambia. Yalikuwa maneno tu.

"Sasa?"

Nilisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye masikio ya mtunza maua.

"Hapo," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapo, Fundi. Usiguse."

Akaweka bisibisi chini. Kutoka mfukoni akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambayo mafundi huitumia kufungia skrubu ili isisogee tena. Akadondosha tone moja juu yake. Akasema mashine ni yangu, niichukue pamoja na lile sanduku, na fundi yeyote akiniambia inakimbia anataka kuirekebisha, nimfukuze.

Mtoto akanyoosha kidole, naye apakwe. Mzee akamtazama, akamshika mkono kwa ule upole wake wa redio zilizoungua, akampaka kucha moja, ya kidole cha shahada, bila kutoka nje ya mstari.

"Pulizeni," akasema. "Dakika mbili. Ikikauka haisogei."

Mwanangu akapuliza kidole chake. Mimi nikainamia mashine nikapuliza ile skrubu. Katika zile dakika mbili ningeweza bado kumwambia kwamba sina hakika. Nilipuliza mpaka ikakauka.